Kobe wa Maji na Usingizi Wake Wakati wa Kiangazi

Wasomaji wetu wengi wakaao mbali na mito mikubwa wamekwisha kuliona jambo hili, wala si mara moja. Lambo la kijiji hupungua maji, kisha hukauka kabisa. Tope lake hupasukapasuka kama chungu kilichochomwa vibaya, na watoto hupita katikati yake kwa miguu mikavu. Hapana chura, hapana samaki, hapana kitu. Kisha mvua ya kwanza hunyesha, maji hukusanyika, na baada ya siku chache tu kobe huonekana wakitoa pua zao juu ya maji, wakubwa kwa wadogo. Je, wametoka wapi?

Watu hujibu kwa namna tatu. Wengine husema kwamba kobe hao wameanguka pamoja na mvua. Wengine husema wamekuja kwa miguu usiku kutoka maji ya mbali. Na wengine hunyamaza, wakidhani kuwa jambo hili lina uganga ndani yake. Jibu la kwanza si kweli hata kidogo. La pili lina ukweli kiasi, kama tutakavyoonyesha. Lakini jibu kubwa ni hili: kobe wengi hawakwenda po pote. Walikuwa pale pale, chini ya nyayo za watoto, wamelala.

Twataka kulieleza jambo hili leo kwa taratibu, maana si la kustaajabisha tu. Lina faida kwa kila mzee aangaliaye lambo la watu wake, kwa kila mwalimu, na kwa kila mtu ashikaye jembe karibu na maji.

KOSA TULILOLIFANYA SISI WENYEWE

Kwanza yatupasa kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa karani katika mahali fulani penye lambo la zamani lililojaa mchanga. Ikaamriwa lichimbwe wakati wa kiangazi, nasi tukapewa kazi ya kuandika siku za wafanyaji kazi na kila kitu kilichoonekana humo. Siku ya tatu majembe yaligonga vitu vigumu mfano wa mawe ya bapa. Vilipoinuliwa vilikuwa kobe, magamba yao yamefunikwa na udongo mkavu, vichwa vimelazwa upande ndani ya gamba, macho yamefumbwa. Tuliwagusa, hawakutikisika. Tuliwapiga kwa kijiti, wapi! Basi tukafungua daftari tukaandika: "Kobe 14, wote wafu." Wakatupwa juani, juu ya kifusi.

Mmoja tulimchukua nyumbani, kwa kuwa tulilipenda gamba lake, tukamweka barazani karibu na mtungi wa maji. Mtungi ule ulikuwa ukivuja kidogo. Usiku tulisikia kitu kikikwaruza sakafu. Asubuhi tulimkuta "mfu" wetu ameegemea mtungi, shingo ameinyosha, anakunywa katika kidimbwi kidogo kilichofanyika pale chini.

Tulikwenda mbio lamboni, lakini jua la siku mbili lilikuwa limekwisha fanya kazi yake. Kobe 9 walikuwa wamekufa kweli. Wanne walioangukia kivulini, chini ya mabonge ya udongo wenye unyevu, walikuwa wazima. Tukafuta maneno yetu ya kwanza katika daftari tukaandika: "Wafu 9, wazima 5, na waliokufa, sisi ndio tuliowaua." Tangu siku ile tulianza kuuliza na kusoma habari za mnyama huyu, na tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea.

KOBE NI WA NAMNA TATU

Kwanza tutenganishe majina, maana watu huwachanganya. Yuko kasa, akaaye baharini, ambaye miguu yake imekuwa mfano wa makasia. Yuko kobe wa nchi kavu, mwenye gamba lililoinuka kama kilima na miguu minene kama mchi. Na yuko kobe wa maji, ambaye ndiye tunayemsimulia. Gamba lake ni la bapa, ili apite majini kwa wepesi. Miguu yake ina makucha, na vidole vimeungwa kwa ngozi.

Wengi wa kobe wa maji wa nchi zetu wana alama moja ambayo kila mtoto wa shule aweza kuitambua. Kobe wa nchi kavu aogopapo hurudisha kichwa ndani moja kwa moja. Kobe wetu wa maji hawezi. Yeye hukunja shingo kwa upande, akakilaza kichwa chini ya ukingo wa gamba, mfano wa mtu alazaye shavu begani.

Katika hao wako wa jamaa mbili kubwa. Jamaa ya kwanza gamba lao la chini lina bawaba upande wa mbele, nao huweza kulifunga kama mlango. Jamaa ya pili hawana bawaba, nao ndio hodari sana wa kukaa katika vidimbwi na malambo yakaukayo. Gamba la mmoja mzima kwa kawaida huwa na urefu wa inchi 8 hivi, na wengine huzidi. Chini ya kidevu ana vindevu viwili vidogo. Ukimshika hutoa harufu mbaya, na hiyo ndiyo silaha yake.

Zamani wenye elimu ya wanyama walidhani kwamba kobe wote wa jamaa hii ya pili, walioenea Afrika karibu yote iliyo kusini ya jangwa la Sahara na hata Bara Arabu, ni wa aina moja tu. Mwaka 2014 walipochungua damu na magamba yao kwa makini, waliwagawa wakawa aina kumi. Mmoja wao, apatikanaye Tanzania, alipewa jina la elimu lenye neno letu wenyewe la Kiswahili: kobe.

JINSI AJIFICHAVYO

Maji yanapopungua lamboni, kobe hupata taabu mbili kwa pamoja. Chakula huadimika, maana vyura, viluwiluwi na wadudu wa majini hutoweka. Na maji yaliyosalia hupata moto sana mchana. Hapo ana njia mbili za kushika.

Njia ya kwanza ni kusafiri. Kobe wa maji si mgeni wa nchi kavu. Huweza kutembea mwendo mrefu kutafuta maji mengine, hasa siku za mvua au usiku wenye unyevu. Ndiyo maana tulisema kwamba wale wanaodhani kuwa kobe huja kwa miguu hawakukosa kabisa. Lakini safari wakati wa kiangazi ina hatari. Jua humkausha, ndege na wanyama humwinda, na huenda asikute maji yo yote mbele.

Njia ya pili ni kulala. Tope likiwa bado laini, kobe hulichimba kwa makucha yake na kujisukuma ndani mpaka gamba lote lifunikwe. Wengine hutoka lamboni kwanza, wakaingia chini ya kichaka au majani makavu, wakajizika katika udongo mlaini wa hapo. Kisha hukunja shingo yake, hukusanya miguu, hutulia. Tope hukauka juu yake likawa gumu kama tofali, naye hubaki humo wiki nyingi, pengine miezi mingi, mpaka mvua irudi.

Angalieni tena jambo hili: kobe huondoka au hulala kwa sababu maji yanakauka. Maji hayakauki kwa sababu ya kobe. Tumepata kuwasikia watu wakisema kwamba kobe ndiye "anywaye lambo," na kwa hiyo wakamwua kila waliyemwona. Kufanya hivyo ni sawasawa na kumpiga tarishi kwa sababu ya barua aliyoileta.

TAA NA UTAMBI WAKE

Sasa msomaji atauliza: Mnyama awezaje kukaa miezi bila kula wala kunywa, asife?

Fikirini taa ya mafuta. Ukiuinua utambi juu, taa hung'aa sana, lakini mafuta huisha kabla ya usiku wa manane. Ukiushusha utambi mpaka ubaki mwali mdogo kama punje ya mtama, mafuta yale yale yatafika asubuhi. Mwili wa mnyama nao ni taa. Chakula na mafuta ya mwilini ndiyo mafuta ya taa. Pumzi ndiyo hewa ishikayo moto.

Sisi watu, pamoja na ng'ombe, mbuzi na ndege, tumeumbwa hata utambi wetu hauwezi kushuka sana. Yatupasa kuutunza mwili katika joto lile lile, mchana na usiku. Ndiyo maana mtu akinyimwa chakula hudhoofika upesi. Lakini kobe, kama nyoka na mjusi, hana joto lake mwenyewe; hupokea joto la mahali alipo. Tangu mwanzo hutumia chakula kidogo sana. Naye akiwa amelala chini ya udongo huushusha utambi wake tena: moyo hupiga polepole, pumzi huwa chache, tumbo huacha kazi, na viungo havitikisiki. Mafuta aliyoyaweka mwilini wakati wa masika, alipokula na kushiba, sasa humtosha kwa muda mrefu.

Na hewa je? Kobe huyu hupumua kwa mapafu kama sisi. Lakini kwa kuwa mwali wake ni mdogo, hewa ndogo ipitayo katika nyufa na vitundu vya udongo humtosha.

Hapo ndipo tuelewapo kwa nini kivuli ni uzima kwake. Udongo wa chini hukaa na ubaridi hata jua likiwa kali. Mtoe kobe humo na kumweka juani, nawe umeuinua utambi wake kwa nguvu: mwili hupata moto, mafuta na maji huisha upesi, na mwisho moto wenyewe humwua. Hivyo ndivyo walivyokufa wale 9 wetu.

MAJI YA MWILINI

Lakini njaa si adui mkubwa wa kobe aliyelala. Adui mkubwa ni kiu. Ana vifaa vitatu vya kupigana naye.

Cha kwanza ni gamba na udongo uliomzunguka, ambavyo huzuia unyevu wa mwili usitoke upesi.

Cha pili ni kibofu. Kwetu sisi kibofu ni mahali pa kuwekea taka za maji kabla ya kuzitupa. Kwa kobe ni kama mtungi wa akiba. Mwili huweza kuyarudisha maji yaliyomo na kuyatumia tena. Ndiyo sababu haifai kumshika-shika kobe na kumtisha bila haja wakati wa kiangazi. Kwa hofu hukojoa, na mkojo ule ulikuwa maji yake ya miezi iliyobaki.

Cha tatu ni cha ajabu zaidi. Kila mwili ulio hai hufanya taka. Wanyama wengi wakaao majini daima hutoa taka yao katika namna ya amonia, ambayo ni sumu kali, nayo huhitaji maji mengi ya kuisafisha. Kobe akiwa nchi kavu hana maji hayo. Basi mwili wake huigeuza taka ikawa urea, isiyo na sumu nyingi, ambayo huweza kukaa katika damu muda mrefu bila kumdhuru. Tena urea ile, ikiwa nyingi mwilini, husaidia kuyashika maji yasitoke, kama vile chumvi kavu ivutavyo unyevu. Hivyo taka yenyewe imekuwa mlinzi.

Mvua inaponyesha, unyevu huingia katika nyufa, udongo hulainika na kupoa, na kobe huamka. Kazi yake ya kwanza si kula, bali kunywa. Hunywa sana, husafisha mwili, kisha huanza kutafuta chakula na mwenzi. Jike hufukia mayai yake ardhini, mara nyingi 10 hata 30.

WENGINE WALALAO

Wasomaji wakaao pwani ya Ziwa Victoria hawatashangaa sana, maana wanamjua kamongo. Samaki huyu naye hulala katika tope lililokauka. Lakini hila zake ni nyingine: hujifanyia mfuko wa ute uliokauka mwilini, na huacha tundu la kupitisha pumzi. Mtaalamu wa Marekani, Homer Smith, alimchungua sana, na kitabu alichokitoa mwaka 1932 alikipa jina lile lile la kwetu, "Kamongo." Kobe hana mfuko wa ute, gamba lake ndilo mfuko wake.

Katika nchi za baridi mambo hugeuka. Huko Marekani ya Kaskazini yuko kobe wa maji akimbiaye baridi, wala si ukavu. Maziwa yanapofunikwa na barafu, yeye hulala chini ya maji, na huweza kukaa humo zaidi ya miezi mitatu bila kupata hewa. Mmoja hulala majini kwa sababu ya baridi, mwingine hulala udongoni kwa sababu ya kiangazi. Lakini wote wawili wameshusha utambi.

HABARI YA AUSTRALIA

Sasa tuwape habari moja ya kututia akilini. Karibu na mji wa Perth, magharibi ya Australia, yako mabwawa madogo yajaayo wakati wa mvua na kukauka wakati wa joto. Humo hukaa kobe mdogo wa maji ambaye hulala karibu nusu ya mwaka, ndani ya mashimo na chini ya majani makavu. Mmoja alipatikana mwaka 1839 akapelekwa Vienna, na mwaka 1901 akapewa jina la elimu. Baada ya hapo watu walidhani hayupo tena, mpaka mwaka 1953 alipoonekana upya.

Lakini wakati huo mabwawa mengi yalikuwa yamekwisha kutolewa maji ili yawe mashamba, na udongo wake kuchimbwa kwa matofali. Moto na mbweha wa kigeni vikaongeza hasara. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kobe waliosalia porini hawakufika 50. Ndipo watu wa bustani ya wanyama ya Perth walipoanza kuwazalisha kwa uangalifu. Mabwawa yaliyobaki yakazungushiwa uzio, na tangu hapo mamia ya kobe wamerudishwa porini. Kazi hiyo ni ya gharama kubwa na ya miaka mingi. Wala watu waliokausha mabwawa yale hawakuwa wabaya. Waliona shimo kavu lisilo na kitu, kama sisi tulivyoona siku ile tulipofungua daftari.

YATUPASA KUFANYA NINI

Hatusemi kwamba kobe wa maji ni malaika. Pengine hula chambo cha mvuvi, na imeonekana akimkamata njiwa ajaye kunywa. Lakini hula pia wadudu, konokono, na mizoga iozayo majini. Hana madhara kwa ng'ombe, na hana madhara kwa mtu amwachaye. Nasi twaweza kumtunza bila kutoa hata senti moja, tukishika mambo haya:

Kwanza, mchimbapo lambo wakati wa kiangazi, anzeni upande mmoja, na upande wa pili uachwe mpaka mwaka mwingine kama yawezekana. Msimamizi awaambie wachimbaji mapema kwamba watakuta kobe, na kwamba kobe asiyetikisika si maiti.

Pili, mkimkuta, mchukueni mara moja kivulini, gamba lake la juu likielekea juu. Mfunikeni kwa majani na udongo mlaini wenye unyevu, karibu na lambo lile lile, mahali pasipopita ng'ombe. Kama yako maji karibu, mwekeni ukingoni, si ndani. Yeye mwenyewe atachagua.

Tatu, msichome majani ya kando ya lambo. Wako walalao humo. Tena ukanda wa vichaka huzuia mchanga usiingie majini, na hivyo lambo lenyewe hudumu zaidi.

Nne, wazee wawakataze watoto kumtoa kobe na kumchezea. Mchezo wa mchana mmoja humwaga maji ya miezi.

KWA WALIMU

Jambo hili lafaa kufundishwa kwa macho na mikono. Chukueni makopo mawili yaliyo sawa, myajaze tope la uzito mmoja. Moja lifunikwe kwa majani makavu, la pili liachwe wazi, yote mawili yawekwe juani. Kila siku, muda wa siku 7, watoto wayapime uzito na kuandika. Wataona wenyewe lipi limepoteza maji upesi. Kisha saa sita ya mchana watie mkono juu ya udongo uliochomwa na jua, na mara ile ile ndani ya shimo la kina cha futi 1. Hapo hawatahitaji maneno mengi.

Halafu waulizwe:

1. Kwa nini kobe aweza kukaa bila kula muda mrefu kuliko mbuzi?

2. Kibofu cha kobe kina kazi gani wakati wa kiangazi?

3. Kobe na kamongo wanafanana katika nini, na wanatofautiana katika nini?

4. Mtu akikuta kobe asiyetikisika, atajuaje kama ni mzima, naye afanye nini kabla ya kujua?

Swali la nne ndilo kubwa, nasi tulilishindwa siku ile tukiwa watu wazima wenye kalamu mkononi. Jibu lake ni fupi: amweke kivulini kwanza, ndipo aandike.